Enaji seva imepasukia juu ya kitambaa cha mteja. Nifanye nini, na taa zilizoungua zipelekwe wapi?

Mshonaji wa Tabata

Habari zenu ndugu zangu. Naomba msaada, na naomba anijibu anayejua kweli, maana nina mtoto mdogo ndani.

Mimi ni fundi cherehani, nimepanga chumba na sebule hapa Tabata. Sebule ndiyo ofisi yangu. Cherehani iko chini ya dirisha, meza ya kukatia iko katikati, na juu ya meza nimeshusha waya wenye holda ya taa ili nione uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi. Juzi Jumatano, saa mbili usiku, nilikuwa nakata gauni la kitenge la mteja. Mwanangu wa miaka minne akarusha mpira ukaipiga ile taa. Ni enaji seva, ile ya vibomba vitatu vilivyopinda. Ilikuwa inawaka. Ikapasuka, vipande vikamwagika juu ya kitambaa na mezani, vingine chini kwenye mkeka.

Nilimtoa mtoto, nikawasha tochi ya simu, nikachukua fagio la chelewa nikafagia. Feni ilikuwa inazunguka muda wote, sikukumbuka kuizima. Vipande nikavizoa nikavitia kwenye ndoo ya taka ya jikoni. Kitambaa nikakikung'utia uani. Kwenye kona ya meza kulibaki unga mweupe, laini kama poda ya mtoto, nikaufuta kwa kanga, na ile kanga nikajifunga kiunoni nikaendelea na kazi kwa mwanga wa taa ya chumbani.

Asubuhi nikafungua boksi la taa ya akiba. Ubavuni kuna mchoro wa pipa la taka lililopigwa alama ya mkasi, na chini yake herufi Hg. Nikamuuliza binti wa jirani anayesoma kidato cha tatu, akanijibu palepale: "Mama, hiyo ni zebaki." Kaka yangu amewahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu Geita. Zebaki naijua kwa masimulizi yake, jinsi wanavyoichoma na moshi wake ulivyo. Tangu binti aliposema vile sijatulia.

Kuna la pili. Mama mwenye nyumba ameniruhusu nitumie stoo ya nyuma nikiisafisha mwenyewe. Nimekuta ndoo ya lita 20 imejaa taa zilizoungua za miaka na miaka, na tyubu ndefu zimeegemezwa ukutani. Jirani wa uani huchoma taka kila Jumapili, ameniambia nimpe achome na za kwake. Sijampa.

Maswali yangu ni haya. Mwanangu amedhurika? Kitambaa cha mteja nikikifua naweza kukishona? Ni mita tatu za kitenge kizuri, na gauni linatakiwa kwenye harusi. Na ile ndoo naifanyaje? Taa zote zina zebaki, au baadhi?

---

Mzee wa Segerea

Pole sana mwanangu. Usijitese. Sisi tumekua na hizi tyubu shuleni na ofisini, zimepasuka nyingi tu na tupo. Zile za ndoo chimba shimo uani, zitie, fukia. Ardhi inameza kila kitu. Kuchoma usichome, hapo nakuunga mkono, kioo kinaruka.

---

Fundi wa Ngamiani, Tanga

Dada, pole. Mimi ni fundi umeme, mwaka wa 26 huu kwenye kazi. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu nilichokifanya mimi miaka ya mwanzo kilikuwa kibaya kuliko chako, na nilikifanya kwa mamia ya tyubu.

Kwanza mtoto. Enaji seva ya nyumbani huwa na zebaki miligramu tatu hadi tano hivi. Ile pima joto ya zamani ya kioo, ambayo wengi tumewekewa kwapani tukiwa wadogo, ina kama miligramu 500. Kwa hiyo ndani ya taa yako kulikuwa na kama sehemu ya mia ya ile ya pima joto, na si yote hugeuka mvuke mara moja, nyingine hubaki imeshikana na ule unga mweupe. Taa moja kupasuka mara moja, mtoto akatolewa nje papo hapo, si jambo la kukunyima usingizi. Hata hivyo, ukimwona anakohoa au anapumua kwa shida, mpeleke hospitali na umwambie daktari wazi kwamba taa yenye zebaki ilipasuka ndani. Usisubiri akuulize.

Ninachokiogopa mimi ni kilichobaki. Zebaki haikauki ikaisha kama maji. Inatoa mvuke kidogo kidogo hata kwenye joto la kawaida la chumba, na sebule ya Dar ina joto. Unga ulioingia kwenye nyufa za mkeka utaendelea kutoa, na mtoto ndiye anayecheza chini. Mapafu ya mtoto na ubongo wake unaokua haviko kama vyetu. Kwa hiyo leo hii, hata kama ni siku ya tatu, fanya hivi.

Fungua madirisha na mlango, mtoto aende kwa jirani, feni izimwe. Mkeka utoe nje ukae kivulini penye upepo, mahali ambapo mtoto hafiki. Sakafu na meza pitia kwa selotepu: ubandike upande wa gundi, uinue, vipande vidogo na unga vitakuja nao. Kisha futa kwa karatasi za chooni zilizoloweshwa maji. Fagio usirudie, lile la chelewa nalo litupe, maana unga umeingia kati ya njiti na kila ukifagia unauamsha. Kila kitu ulichotumia kitie kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza, ya jemu au ya mayonezi, au mfuko mzito wa plastiki ufungwe vizuri, na kitoke ndani ya nyumba. Ile ndoo ya taka ya jikoni kama bado ipo, iende hivyo hivyo. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Madirisha yaachwe wazi masaa kadhaa.

Siku nyingine ikitokea (naomba isitokee) mpangilio ni huu: watu watoke kwanza, feni izimwe, madirisha yafunguliwe, msubiri dakika kumi nje, ndipo uingie kuokota kwa karatasi ngumu. Kadi ya mwaliko wa harusi inafaa sana kuzolea.

Sasa kitambaa. Hapa nitasema neno ambalo hutalipenda. Usimshonee mteja. Vipande vya kioo vya enaji seva ni vyembamba kama maganda ya kitunguu, vinaingia katikati ya nyuzi na huvioni, na unga umeingia pamoja navyo. Kukifua ni kuhamisha unga kwenye beseni na kwenye nguo nyingine. Nguo zilizokuwa chumbani tu, zikapitiwa na hewa, zifue uvae. Lakini kilichoangukiwa moja kwa moja, yaani kitambaa na ile kanga, kifunge kwenye mfuko na uachane nacho. Najua mita tatu za kitenge ni pesa.

Kuhusu ndoo, tafadhali zihesabu na unielezee moja moja, hata kwa umbo tu. Nitakwambia ipi ni ipi.

Na kwa mzee wetu wa Segerea, shikamoo mzee. Nakuheshimu, ila shimo hapana. Nitaeleza.

---

Mshonaji wa Tabata

Fundi, asante, Mungu akuzidishie. Nimelia kidogo kwa ajili ya kitenge kisha nikampigia mteja nikamwambia ukweli. Amenielewa. Nitanunua kingine mwenyewe, tukubaliane nusu ya ushonaji. Mkeka uko kwenye uzio wa nyuma. Selotepu imetoka na vipande ambavyo sikujua kabisa kama vipo, vingine vilikuwa chini ya pedali ya cherehani ambapo huwa naweka mguu peku.

Ndoo nimeimwaga juu ya gunia, taratibu, nje:

Globu za kioo za duara, za kizamani, 14. Nyingine angavu unaona kijiwaya ndani, nyingine za maziwa.
Enaji seva 9. Mbili zimevunjika shingo.
Zenye kitako cha plastiki na kichwa cheupe kama uyoga, nyepesi, 6.
Vioo viwili vyembamba kama kalamu, na vyuma kwenye ncha zote mbili.
Tyubu fupi 3, tyubu ndefu 4 za ukutani. Ndefu moja ni nene kuliko wenzake.
Vikopo vidogo vya plastiki kama kidole gumba, 5.
Na kitu kimoja cha chuma, kirefu, kizito sana, kina nyaya.

---

Fundi wa Ngamiani, Tanga

Umehesabu vizuri. Sasa tuzipange.

Globu 14 hazina zebaki. Ndani ni kijiwaya cha metali ya tungsteni na gesi kama agoni, ambayo ipo hata kwenye hewa unayovuta sasa. Zimelala kwa sababu kijiwaya kimekatika. Maisha yake ni kama masaa 1,000. Zilikuwa zinakula umeme mwingi, sehemu tisa kati ya kumi zinageuka joto, ndiyo maana ukigusa unaungua. Zifunge kwenye gazeti nene, andika "KIOO" kwa kalamu ya wino mzito, zitoke na taka za kawaida. Maandishi hayo ni kwa ajili ya kijana wa mkokoteni anayechambua taka kwa mikono mitupu. Usisahau hilo.

Vioo viwili kama kalamu ni halojeni, za taa kubwa za ulinzi za nje. Nazo ni tungsteni, zimeongezwa aidini au bromini kidogo. Hazina zebaki. Zifunge kama globu. Aliye na nzima akumbuke asiishike kioo kwa vidole vitupu wakati wa kuifunga: mafuta ya ngozi yanaiunguza mahali pamoja, inapasuka mapema. Na ikiwa imetoka kuwaka, iache ipoe kabisa.

Zile sita za uyoga ni LED. Watu wengi wanaziogopa bure, wanasema nazo zina zebaki. Hazina. Ndani kuna sahani ya alumini yenye vidoti vya njano na kibodi kidogo cha umeme. Hizo usizitupe haraka. Mara nyingi kilichokufa ni kidoti kimoja chenye kadoa keusi katikati, na kwa kuwa vimeungwa kwa mstari mmoja, kimoja kikifa wote wanalala. Fundi wa redio akikibadilisha inawaka tena. Akishindwa, alumini inauzika kwa wanunua chuma chakavu, na kibodi ni taka ya kielektroniki, iende na simu mbovu na chaja. Usimwache mtoto azifungue, kuna kapasita ndani inayoweza kubaki na umeme.

Enaji seva 9 na tyubu 7 ndizo zenye zebaki. Umeme ukipita ndani, mvuke wa zebaki unatoa mwanga ambao jicho halioni, na ule unga mweupe ukutani mwa kioo ndio unaougeuza kuwa mwanga tunaouona. Hakuna tyubu ya namna hii bila zebaki, hata iwe ya bei gani. Ile nene ni ya milimita 38, ya zamani, na hizo mara nyingi zina zebaki nyingi zaidi kuliko hizi nyembamba za milimita 26. Ishughulikie kama yai.

Vikopo vitano ni stata, vya kuanzisha tyubu iwake. Weka na taka za kielektroniki. Kile chuma kizito ni chok, kinachodhibiti umeme unaoingia kwenye tyubu. Shaba iliyomo inawavutia wanunua chakavu, lakini kama ni ya kabla ya miaka ya 1980, hasa ikiwa na kapasita ndani au pembeni, inaweza kuwa na mafuta yenye PCB, sumu isiyooza. Usiifungue, na ikiwa inavuja kitu cheusi usiishike bila mfuko mkononi.

Sasa kuhusu shimo, na hapa niruhusuni nieleze ya kwangu.

Nilipoanza kazi nilikuwa msaidizi wa fundi mkubwa. Tulibadilisha taa kwenye jengo moja la ofisi, ghorofa tatu, tyubu futi nne, nyingi sana. Pipa la taka lilikuwa fupi. Mimi nikapewa kazi ya kuzivunja ili ziingie. Nilizisimamisha ndani ya pipa moja moja nikazipiga kwa mpini wa nyundo, zinatoa mlio kama baruti, na wingu jeupe linapanda usoni. Nilifanya hivyo siku nne. Jioni nilirudi nyumbani na ule unga kwenye nywele, nikambeba binti yangu aliyekuwa na miezi minane. Hakuna aliyeniambia. Fundi wangu naye hakujua. Alichojua yeye ni kwamba ukikatwa na tyubu kidonda hakiponi. Miaka mingi baadaye nilikuja kusoma kwamba maneno hayo yalikuwa na chanzo: tyubu za zamani kabisa zilikuwa na berili kwenye unga wake, na viwanda vya Marekani viliiacha mwaka 1949. Kwa hiyo tulirithi onyo la sumu iliyokwisha ondolewa, na sumu iliyobaki hatukuambiwa.

Pipa lile tulilimwaga kwenye shimo nyuma ya jengo. Hatua chache kutoka hapo palikuwa na kisima.

Mzee wangu, ardhi haimezi zebaki. Zebaki ni elementi, haiozi, haivunjiki ikawa kitu kingine chenye amani. Ikifika majini, vijidudu vya tope vinaigeuza kuwa namna ambayo samaki wanaibeba mwilini, na mla samaki anaipata ikiwa imekusanyika. Kule Minamata, Japani, ugonjwa ule ulitambuliwa rasmi mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba yao. Pale ilikuwa kiwanda, kiasi kikubwa mno, silinganishi na ndoo moja. Lakini Tabata ina nyumba ngapi, na kila nyumba ikiwa na shimo lake na kisima chake?

Kuchoma ni kubaya zaidi, kwa sababu unaigeuza yote kuwa mvuke kwa mpigo mmoja, uani, watoto wakiota moto.

---

Mzee wa Segerea

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara mbili. Kisima chetu kipo hatua kama ishirini kutoka shimo la taka. Niseme nini zaidi. Nielekeze na mimi, ninazo tyubu sita nyuma ya kabati.

---

Mwalimu wa Fizikia, Kilosa

Naomba kuongeza jambo moja la shuleni, kwa sababu linahusu zile globu 14.

Sisi tusio na vifaa vya maabara tumezitumia sana. Unaondoa kitako kwa koleo, unatoa utumbo wa kioo taratibu, unaosha, unapata chupa ya duara inayostahimili moto wa kibatari cha spiriti. Nimefundishia kuchemsha maji na kutanuka kwa hewa kwa chupa za namna hiyo miaka mingi. Kwa hiyo dada, kabla hujazifunga kwenye gazeti, waulize walimu wa sekondari ya karibu. Zile angavu ndizo zinazofaa.

Ila niseme na hatari yake. Siku moja niliwaambia kidato cha kwanza walete "taa zilizoungua" kutoka nyumbani. Sikusema zaidi ya hapo. Wanafunzi wawili walileta enaji seva, na mmoja alikuwa ameshaanza kuikata kwa msumeno wa chuma nyumbani ili arahisishe kazi. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nachora ubaoni: ya duara yenye kijiwaya, lete, yenye bomba jeupe lililopinda, usiiguse, mwambie mzazi.

Vilevile mafundi redio wa mitaani hupasua kitako cha enaji seva ili wachukue transista, zile za 13003 zinazotumika kwenye chaja. Wakishapata transista, bomba wanalitupa mtaroni. Kama unawajua, waambie wafungue kitako kwa bisibisi bila kushika bomba, na bomba wakuachie wewe.

---

Mama wa Umoja, Nairobi

Dada wa Tabata, pole sana. Hapa kwetu hizi balbu zilikuja kwa wingi mwaka 2010, serikali ilipogawa zaidi ya milioni moja bure. Unapeleka balbu ya zamani, unapewa enaji seva. Bili ya stima ilishuka kweli. Lakini zilipoanza kuungua, hakuna mtu mtaani kwetu aliyejua azirudishe wapi, zikaenda Dandora, jalala kubwa la Nairobi, na kila kitu kingine. Vijana wanaookota kule wanazikanyaga.

Siku hizi kuna WEEE Centre hapa Nairobi, wanashughulika na taka za kielektroniki. Kikundi chetu cha akina mama tumeweka ndoo yenye kifuniko kwenye duka la mwenzetu, kila mtu analeta zake zikiwa nzima. Ikijaa tunapiga simu kwanza kuuliza siku ya kupeleka. Mtu mmoja hawezi kulipa nauli kwa balbu mbili. Watu ishirini wanaweza.

---

Mtanga, Hamburg

Nathibitisha anayosema fundi. Hapa Ujerumani globu ya kijiwaya na halojeni zinaingia pipa la kawaida kabisa nyumbani. Enaji seva, tyubu na LED haziruhusiwi humo. Unazirudisha kwenye kituo cha manispaa au kwenye sanduku lililowekwa dukani. Mwanzoni nilishangaa kuona watu wamebeba balbu mfukoni wakienda kununua maziwa. Na tyubu mpya zenyewe haziingizwi tena sokoni tangu mwaka 2023, Ulaya yote ya Umoja. Kinachonitia wasiwasi ni mzigo wa zamani kusukumwa kwenye masoko yetu kwa bei ya chini.

---

Fundi wa Ngamiani, Tanga

Ndugu wa Hamburg, hilo ndilo lililozifanya nchi za Afrika zenyewe zilete hoja ya kuzisitisha taa hizi kwenye Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki. Mkataba ule ulianza kufanya kazi mwaka 2017. Kwenye mkutano wa Bali mwaka 2022 ikakubaliwa enaji seva za kawaida za nyumbani, hadi wati 30, zisitengenezwe wala kuingizwa kutoka nje baada ya 2025. Geneva, mwaka 2023, wakaweka na tyubu: mwisho ni 2027. Tanzania imo kwenye mkataba. Kwa hiyo ukiona duka linauza enaji seva kwa bei ya kutupa, ujue mtu anamaliza mzigo, na wewe ndiye utakayebaki na zebaki.

Mzee wangu na dada, sasa pa kuzipeleka. Hatua ya kwanza ni kuzitunza nzima. Enaji seva saba nzima zirudi kwenye maboksi au zifungwe gazeti moja moja, ziingie kwenye ndoo yenye kifuniko. Zile mbili zilizovunjika shingo ziwe peke yake kwenye chupa ya kioo iliyofungwa. Tyubu mimi huziweka kwenye bomba la plastiki la maji taka la inchi nne, nalikata kidogo zaidi ya futi nne, kifuniko huku na huku. Tyubu nane nyembamba zinaingia bila kubanana. Linasimama kwenye kona ya karakana, limeandikwa "ZEBAKI, USIANGUSHE", wala halijapasua hata moja.

Hatua ya pili ni kuungana na mwenye nyingi. Mkusanyaji wa taka hatarishi anatakiwa awe na kibali, na hawezi kuja kwa ajili ya taa tisa. Lakini hoteli, hospitali, shule kubwa na kiwanda wanazo mamia na wanalazimika kuziondoa kwa utaratibu. Mimi nina hoteli moja ninayowafanyia matengenezo. Nilimwomba meneja, akakubali bomba langu liondoke pamoja na mzigo wao. Hakuniomba hela. Nyinyi nendeni kwa afisa afya wa kata au afisa mazingira wa manispaa, mkiwa wawili watatu, muulize ni nani mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, anayepita kwenu. Akisema hajui, mwachieni swali kwa maandishi. Barua yenye majina matano huwa inajibiwa.

Na badala yake nunua LED. Kwa masaa matano kwa siku, globu ya wati 60 inakula uniti 9 za LUKU kwa mwezi. Enaji seva ya wati 15 ni uniti 2.25. LED ya wati 9, mwanga uleule, ni 1.35. Kwa mshonaji, tafuta iliyoandikwa CRI 90 au zaidi kwenye boksi (CRI ni kipimo cha taa kuonyesha rangi halisi), hapo rangi ya uzi utakayoiona usiku ndiyo utakayoiona mchana. Na ule waya upandishe juu kidogo, dada, mpira usiufikie.

---

Mshonaji wa Tabata

Nimerudi ndugu zangu, wiki moja imepita.

Mtoto ni mzima, anacheza. Mkeka sikuurudisha, moyo ulikataa. Globu angavu nane nimempelekea mwalimu wa sayansi hapa sekondari, amefurahi mpaka akanionyesha kabati lake. LED sita nilimpa fundi redio, nne zimewaka. Moja ndiyo iko juu ya meza yangu sasa, na waya nimeupandisha.

Kwa afisa afya wa kata nilienda na mama mwenye nyumba na jirani yetu wa Jumapili, yule wa kuchoma taka. Ofisa hakuwa na jibu siku hiyo, lakini aliandika namba zetu na jana amepiga: kuna zahanati ya jirani inayobadilisha taa zake mwezi ujao, mzigo wetu utaondoka na wao. Mzee wa Segerea, siku ya kupeleka ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, nimekutumia ujumbe wa faragha. Lete zile sita zikiwa zimefungwa. Bomba la inchi nne jirani amelikata mwenyewe, na bado lina nafasi.

Kitenge kipya nilikipata Kariakoo, maua yaleyale ila bluu imekolea zaidi. Gauni limeshakwenda.